Bakuli la Mtu Akisubiri

Kwetu msimulizi hakuanza mpaka aitikiwe. Alitoa neno lake la kwanza akanyamaza, watoto wakamrudishia la pili, ndipo hadithi ikapata miguu. Mimi leo nitaanza bila kuitikiwa. Si kiburi. Mahali nilipo wageni wameombwa kwa adabu wasijibu chochote, nami sipendi kumtia mtu matatani kwa ajili ya hadithi.

Basi palikuwa na nchi. Jina lake sitalitaja, kwa sababu lilichukuliwa na wataalamu likajadiliwe, na mpaka leo halijarudi. Kwenye bendera, pale jina lilipokuwa, wameacha pengo, na chini ya pengo wameshona maneno madogo: *Jaza mwenyewe*. Watu wawili walijaza. Hatukuwaona tena, lakini tulitangaziwa redioni kwamba majibu yao yalikuwa mazuri sana.

Zamani tulikuwa na serikali ya kawaida, iliyodanganya kwa jasho. Dawa zikikosekana zahanati, waziri alikuja mwenyewe katika jua la saa saba, akasimama juu ya meza, akaapa kwamba dawa ziko njiani. Shati lilimganda mgongoni. Nilimwonea huruma, nikampelekea maji. Alikunywa yote, akasema ahsante mama, akaendelea kudanganya.

Hayo yalikwisha Rais aliporudi kutoka ng'ambo. Huko alionyeshwa jumba lenye chumba kitupu, na watu waliovaa vizuri wamesimama wanakitazama kile chumba kwa heshima, wengine wamefunga mikono kama walio mbele ya maiti. Wanasema alitokwa na machozi. Akawaambia mawaziri wake, "Sisi vyumba kama hivi tunavyo nchi nzima, na hakuna anayetuheshimu!"

Tangu siku ile hakuitwa Rais tena. Aliitwa Msanii Mkuu.

*

Vibao vikaanza kuja. Vilikuwa vizuri, vyeupe, vya ukubwa wa kiganja, na vilipigiliwa kwa misumari mipya. Kwenye rafu ya zahanati waliandika: *DAWA. Mbao, vumbi, matumaini.* Pale daraja lilipoanguka: *DARAJA. Hewa juu ya maji.* Kwenye darasa lisilo na mwalimu: *ELIMU. Ubao, chaki nusu, kimya.* Hakuna aliyedanganya tena, na hakuna aliyetoka jasho. Lazima niseme kweli, ilipendeza kuona viongozi wamepumzika.

Kibao cha bomba letu la maji kililetwa na mjumbe wa mtaa, Mzee Kibwana, mtu mwema ambaye mke mwenzangu alipofariki alichimba kaburi kwa mikono yake. Bomba lilikuwa limekauka tangu mfungo uliopita. Alipigilia kibao, akarudi nyuma, akavaa miwani na kusoma kwa sauti: "*MAJI. Chuma, kutu, foleni ya akina mama.*"

"Mzee Kibwana," nikamwita, "mafundi watakuja lini?"

"Mama Makame, kuanzia leo hili si bomba bovu."

"Ni nini?"

"Ni swali."

"Na maji nitateka wapi?"

"Hilo nalo ni swali! Umeona? Umeshaanza kuelewa."

Akafuta miwani kwa kanzu. Nikaona macho yake mekundu. Nyumbani kwake pia hapakuwa na maji.

Tukaja kufundishwa. Mtunza Mkuu wa Maana, Daktari Mwinyigogo, alifika mtaani kwetu na gari refu, glavu nyeupe, na sauti laini kama mafuta ya nazi. Alitukalisha chini pale bombani akatueleza kwamba ukweli ni koti, kila mtu huvaa la saizi yake. Akasema historia kubwa zimekufa. Akasema kitu hakina maana mpaka mtazamaji akitie maana, na kwamba mwenye kukitengeneza hana haki ya kusema alikusudia nini, kwa sababu mwandishi naye amekufa.

Nikauliza mazishi ni lini, ili nianze kusonga ugali.

Alicheka kwa upole sana. Akaniinamia, akanishika bega, akasema, "Shikamoo, mama yetu. Wewe ni kazi ya sanaa." Wakati ule nilidhani ananisifu.

*

Mwanangu Makame alikuwa mchora vibao vya maduka. Kinyozi, fundi cherehani, muuza mkaa, wote walichorewa na yeye. Herufi zake zilikuwa nene na zenye tumbo, na M yake ilipinda mguu mmoja kama mtu anayetaka kuondoka. Hakuoa, alikaa nami, akanifugia mbuzi, na kila asubuhi aliulalamikia uji wangu.

"Mama, una madonge."

"Yatafune."

Akayatafuna.

Siku moja alipita bombani akiwa na kopo lake la rangi. Foleni ilikuwa imefika hadi kwenye mti wa mjumbe. Wanawake walisimama tangu alfajiri, si kwa sababu hawakujua kwamba bomba limekauka, bali kwa sababu waliotoka mitaa ya mbali waliona foleni na kibao kilichosema MAJI, wakajiunga. Na wa mtaani kwetu walipoona wa mbali wamejiunga, wakaingiwa na wasiwasi kwamba labda yametoka. Bwana mmoja wa serikali alikuwa pembeni anapiga picha. Katikati ya foleni alikuwamo Riziki, binti wa muuza mkaa, mja mzito wa kukaribia kujifungua. Akayumba. Akaanguka na ndoo yake.

Makame alimbeba hadi kivulini, akampepea kwa kofia, akamnywesha maji aliyokuwa nayo ya kuchanganyia rangi, yaliyokuwa safi bado. Kisha akaenda kwenye ukuta wa bomba, akachovya brashi, akaandika kwa herufi zake nene:

HAPA HAPANA MAJI. NENDENI KISIMA CHA MSUFINI.

Wanawake wakasoma. Wasiojua kusoma wakasomewa. Wakachukua ndoo zao, wakaenda Msufini, na jioni ile kila nyumba ya mtaa ikapika. Riziki akajifungua salama mtoto wa kike.

Mimi nilidhani atapewa zawadi.

*

Walikuja mabwana watatu wenye glavu. Walipiga hodi, wakangoja nikaribishe. Tulizoea serikali ya zamani ambayo iliingia na mlango wenyewe, kwa hiyo nilifurahi.

"Mama," akasema mkubwa wao, "mwanao ameharibu kazi ya taifa. Bomba lile lilikuwa na maana nyingi. Yeye ameliachia moja."

"Hiyo moja ni kwamba halina maji," akasema Makame kutoka ndani.

"Unaona anavyorudia?"

"Mnamkamata?" nikauliza.

Wakatazamana kana kwamba nimetukana. "Kukamata ni neno la zamani, mama. Magereza yalifungwa mwaka juzi. Hatumkamati. Tunamwonyesha."

Wakamzungushia blanketi la sufu, wakalifunga kamba kwa fundo laini, wakambandika karatasi nyekundu kifuani: *DHAIFU. SHIKA KWA UANGALIFU.* Walipofika mlangoni mmoja aliweka kiganja kwenye kizingiti cha juu ili Makame asijigonge kichwa. Nimelifikiria tendo lile mara nyingi. Mtu anaweza kukulinda kichwa na bado akakuchukua mzima.

*

Jumba la Sanaa ya Leo ni ghala la pamba la zamani lililopakwa chokaa nyeupe ndani na nje, mpaka macho yanauma. Nilifika nimechoka, nikaona kiti, nikakaa. Kengele ikalia. Kumbe kiti kilikuwa kazi. Nikaomba choo. Nikaonyeshwa choo kizuri chenye kamba mbele yake, nacho kilikuwa kazi. Na kile kisichokuwa kazi kilikuwa kimeharibika, kwa hiyo wiki ile nacho kilikuwa kinafikiriwa.

Makame alikuwa katika chumba cha mwisho, nyuma ya kamba, juu ya kigoda, taa imemlenga utosini. Kibao chake kilisema: *MTU AKISUBIRI. Mwili, kigoda, muda.* Jina lake hawakuliandika.

Palikuwa na wageni. Kijana mmoja mwenye skafu alisema anaona upweke wa mji. Bwana mmoja wa benki akasema yeye anaona uchumi unaotulia kabla ya kupaa. Makame aliponiona akasimama.

"Mama! Waambie wanitoe!"

Wageni wakapiga makofi. Mtu akaja mbio na kalamu, akaongeza kwenye kibao: *Mwili, kigoda, muda, sauti.*

Makame alitazama kile kibao kwa muda. Ni mchora vibao. Alikielewa kabla yangu. Akakaa. Hakupaza sauti tena.

Mlinzi wa chumba kile anaitwa Hamdu. Ni mtu mzima, mwenye watoto, mwenye kikohozi. Kesho yake nilipofika na bakuli la uji wa mtama alinizuia.

"Shikamoo bibi. Chakula hakiingii, bibi."

"Marahaba mwanangu. Na huyu atakula nini?"

Akatazama kushoto na kulia. "Chakula hakiingii," akasema tena, "lakini nyenzo zinaingia. Wachongaji wanaletewa udongo kila siku. Hiyo ni nini, bibi?"

"Uji."

"Bibi, hiyo ni nini?"

"Udongo," nikasema.

"Udongo wa moto," akasema Hamdu, akaupuliza mpaka ukapoa ndipo akaupeleka.

*

Hapa lazima niwaeleze wageni jambo moja la kwetu. Bakuli la watu halirudishwi tupu. Ukiletewa kitoweo, unalirudisha na ndimu, au chumvi, au jani la mchicha. Ukikosa kabisa unatia njiti moja ya kiberiti, na mwenzio anajua kwamba hali ni ngumu lakini moto upo. Bakuli lililorudi tupu lina maana moja tu, na Daktari Mwinyigogo aniwie radhi, moja tu kweli: katika nyumba ile mtu hayupo tena.

Makame hakuwa na kitu, lakini ni mtoto niliyemlea mimi. Siku ya kwanza bakuli lilirudi na kifungo cha shati. Siku nyingine likarudi na kipande cha chokaa alichobandua ukutani, chenye umbo la sikio. Mara moja mgeni aliangusha tikiti, Makame akaikunja ikawa mbuzi mdogo mwenye pembe. Vifungo vilipokwisha, bakuli lilirudi safi, na Hamdu akasimama mbele yangu amebana kicheko.

"Bibi, nimeagizwa niseme hivi: una madonge."

Nilicheka mpaka nikaegemea kamba. Kengele ikalia.

Nikawa naketi nje kwenye ngazi kila siku, nikisubiri bakuli. Mvua za kwanza zilinikuta pale. Wauza kahawa walinizoea, mmoja akaniazima gunia la kujifunika. Siku moja nikamuuliza Hamdu kazi hukaa mpaka lini.

"Mpaka msimu uishe, bibi."

"Halafu zinarudi kwao?"

Akakohoa. Akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. "Zinaingia Ukumbi wa Kutokuwepo."

Ukumbi ule uko nyuma ya pazia jeusi. Nilitaka kuuona, akaniongoza. Ni chumba kikubwa cheupe, kitupu. Ukutani vipo vibao vingi tu. *MTU AKIULIZA. MWALIMU AKIHESABU KURA. MKE AKITAFUTA.* Chini ya kila kibao, sakafuni, jozi ya viatu. Ndala, raba, kobazi za ngozi, viatu vya kike vyenye kisigino kilicholika upande mmoja. Kulikuwa na baridi, ingawa nje jua lilikuwa kali.

"Wenyewe wako wapi?"

"Ndiyo kazi yenyewe, bibi," akasema Hamdu, na akaisema kama mtoto anayesoma asichokielewa. "Hawapo."

Nikainama. Viatu vyote vilikuwa vimepangwa sawasawa, vidole ukutani, na vimepanguswa. Hata vumbi la njia vilikotoka halikuwamo. Nikawaza, mtu gani mwenye moyo mwema amevipangusa hivi?

Siku iliyofuata bakuli lilirudi tupu.

Nikalipindua. Nikapitisha kidole ndani. Nikamtazama Hamdu, nikidhani ameagizwa maneno. Hamdu akatikisa kichwa.

"Hakusema kitu?"

"Hakunitazama, bibi. Amekula kwa sababu nilimwekea kijiko mkononi. Sasa anakaa tu. Jana Mtunza Mkuu alipita, akafurahi, akasema sasa kazi imekamilika."

Nilikaa kwenye ngazi na lile bakuli mapajani. Nilizika mume, nilizika watoto wawili wa mwanzo, na sikuwahi kuogopa kama nilivyoogopa ule utupu wa bakuli langu la udongo la rangi ya bluu. Yule aliyekuwamo mle ndani alikuwa bado anapumua. Lakini mwanangu alikuwa ameanza kuvua viatu.

*

Ijumaa ya wageni ilikuja. Palikuja mabwana na mabibi kutoka nje, wenye kamera na kofia pana, kuja kuona nchi ambayo imekuwa sanaa yote. Sisi mama za walioonyeshwa tulialikwa tuketi nyuma, kwenye mkeka ulioandikwa *Jamaa wa Nyenzo*. Tulipewa soda. Nilishukuru, ilikuwa ya baridi.

Daktari Mwinyigogo alisimama karibu na Makame akanena.

"Waheshimiwa! Mataifa mengine yana asili na nakala. Yanalinda asili kwa bunduki, yanaidharau nakala. Sisi tumewaacha huko nyuma! Kwetu asili ni nakala iliyosahau, na nakala ni asili yenye subira. Anayesema hiki ni chenyewe na kile sicho, huyo ni adui wa mawazo! Kwetu hakuna mtu fulani. Kwetu kuna mtu!"

Makofi. Bibi mmoja mgeni alifuta machozi.

"Maswali?" akasema Daktari, huku anakunja hotuba yake, maana hakutarajia maswali.

Nikasimama. Magoti yalilia, watu wote wakageuka.

"Shikamoo mama yetu," akasema, kwa kuwa ana malezi.

"Marahaba mwanangu. Nimesikia umesema asili na nakala ni mamoja."

"Ni mamoja."

"Na kibao hiki kinasema Mtu Akisubiri."

"Kinasema."

"Hakisemi mtu gani."

"Kwa makusudi, mama yetu. Jina huifunga maana."

"Basi mimi nami ni mtu. Na nimesubiri kwenye ngazi zenu tangu mvua za kwanza, walinzi wote mashahidi, na wauza kahawa. Huyu kijana amechoka. Hata kusubiri kwenyewe hasubiri tena, amekaa tu. Niwekeni mimi nisubiri vizuri, yeye akafungulie mbuzi."

Wageni wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Mkalimani akawa ananong'ona haraka. Kamera zikainuka.

"Mama yetu," akasema Daktari, "kazi hii ina historia yake."

"Historia zimekufa, mwanangu. Ulitutangazia wewe mwenyewe pale bombani."

Mtu mmoja nyuma akapasuka kicheko, akakigeuza kikohozi. Uso wa Daktari ulibaki unatabasamu, lakini tabasamu lenyewe lilikuwa kama limepigiliwa misumari.

"Haiwezekani. Tunamhitaji huyu."

"*Huyu* nani?" akauliza yule bibi mgeni kwa kupitia mkalimani wake. Aliuliza kwa nia njema kabisa, na kalamu mkononi. "Samahani, nilidhani hana jina. Huyu ni nani?"

Nikamwona Daktari anafungua mdomo. Akisema jina, jina litaleta bomba, na bomba litaleta kiu, na kiu italeta wanawake wote wenye ndoo mpaka ndani ya chumba kile cheupe, mbele ya kamera. Akafunga mdomo. Akajipangusa paji kwa glavu, na kwa mara ya kwanza tangu nchi iwe sanaa, nikaona jasho la kiongozi.

"Hatumhitaji yeyote," akasema. "Tunahitaji mtu. Karibu, mama yetu."

Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya hotuba.

Aliniinulia kamba kwa mkono wake ili nisiiname, kwa sababu alijua mgongo wangu. Nilipopita chini yake alisogeza mdomo sikioni mwangu.

"Mama, unajua msimu unaisha lini?"

"Najua."

"Na unajua kazi za msimu zinakwenda wapi?"

"Nimekwenda nikaona viatu. Vimepangwa vizuri sana."

Akaniachia mkono kana kwamba nimemchoma.

Makame hakuinuka. Macho yake yalipita juu yangu kama yanavyopita juu ya ukuta. Nikachutama mbele yake, nikatoa lile bakuli chini ya kanga.

"Makame. Bakuli langu ulilirudisha tupu."

Macho yakamshuka kwenye bakuli.

"Sikuwa na kitu, mama."

"Nimekulea hivyo?"

"Hapana, mama."

"Basi shika. Nenda nalo nje ukalijaze. Si lazima leo."

Akalishika kwa mikono miwili. Miguu ilimganda, Hamdu akamwinua kwa kwapa. Akasimama pale juu yangu, mrefu, shati halina vifungo. Akanitazama, na safari hii aliniona.

"Uji wako una madonge," akasema.

"Yatafune," nikasema.

Akatoka. Hakuna aliyemgusa, kwa maana hakuwa mtu yeyote. Mimi nikakaa kwenye kigoda. Bado kilikuwa na joto lake.

*

Wageni wananitazama. Wanasema wanaona Afrika, au ustahimilivu, au bibi yao. Watoto ndio wazuri. Mmoja alinipungia mkono mpaka mama yake akaushusha. Wengi ni wapole. Taa ni kali, lakini Hamdu huigeuza kidogo mchana, watu wakienda kula.

Juzi asubuhi Hamdu alikuja ameficha kitu chini ya kitambaa cha kufutia vumbi. Amekikuta mlangoni, akasema, alfajiri. Lilikuwa bakuli langu. Ndani mlikuwa na ndimu moja, na ukingoni alama ya kidole gumba ya rangi nyeusi, mbichi bado.

"Na ukutani, bibi," akasema chini chini, "ukuta wa nje unaotazama barabara. Kuna maandishi. Herufi nene, zina tumbo."

"M imepinda mguu?"

"Imepinda."

"Yanasemaje?"

Hamdu akatazama pazia jeusi, halafu sakafu. "Yanasema: HAPA NDANI MNA WATU."

Daktari Mwinyigogo ameshapeleka kibao kipigiliwe pembeni yake: *Bila jina. Rangi, ukuta, uvumi.* Lakini Hamdu ananiambia watu hawakisomi kibao. Wanasimama barabarani na ndoo zao, wanasoma ukuta, kisha wanainua macho wanatazama madirisha. Bado ni wachache. Hawasemi kitu. Kesho yake wanarudi wakiwa wengi zaidi kidogo.

Makame sijui aliko na sitaki kujua. Msufini ni mbali, na zaidi ya Msufini nchi ni kubwa.

Hapa ndani msimu unaisha. Leo nimesikia wanatia mafuta magurudumu ya kile kitoroli cha kuhamishia kazi. Kilikuwa kinapiga kelele, sasa kinakwenda kimya. Na Hamdu amechutama mbele yangu, akanivua ndala, akazipangusa kwa kitambaa chake, moja baada ya nyingine, mpaka kwenye soli. Hakuniambia kwa nini. Nikamwekea mkono kichwani. Nikasema, kumbe ni wewe, mwanangu. Akalia bila sauti, kwa kuwa kikohozi kingemsaliti.

Bakuli liko mapajani mwangu, na zamu ya kulirudisha ni yangu. Ndimu nimeila. Sina chumvi, sina mchicha, kanga haina kifungo. Hamdu amenipa penseli na karatasi za vibao vya misimu iliyopita, nami nimeandika hadithi hii nyuma yake, herufi kubwa, kwa sababu macho hayaoni vizuri na shule yangu ilikuwa fupi. Nitazikunja nizitie ndani ya bakuli, naye atalitoa nje chini ya kitambaa cha vumbi, atamwachia wa kwanza atakayemkuta amesimama mbele ya ule ukuta.

Sijui ni nani. Labda ni wewe. Ikiwa hadithi ina ladha, igawe kwa majirani. Ikiwa ina madonge, yatafune. Kisha osha bakuli, ulete hapa mlangoni, uite jina la yeyote unayemtafuta.

Usilirudishe tupu.